Chumvi Juu ya Jani

Aliyenipigia simu hakujitambulisha kwa jina la ukoo wala la mume. Alisema tu, "Mwalimu, ni mimi, Konsolata wa jikoni," nami kwa zaidi ya miaka thelathini sikujua kama yu hai. Alikuwa upande wao wa mpaka, karibu na Rusumo, na nyuma yake nilisikia malori yakinguruma kwenye foleni ya forodha. Namba yangu alikuwa ameipata kwa msichana wa kwao aliyeolewa huku Ngara. Aliuliza kama nyumba ya Bibi bado imesimama. Nikamwambia imesimama, nimemaliza utumishi wangu Biharamulo, nimerudi, naishi humo peke yangu. Akauliza tena, "Na jiko?" Nikamjibu kwamba jiko lile la udongo lilianguka zamani, siku hizi napikia gesi. "Afadhali," akasema, na tukakubaliana aje Jumamosi.

Asiyetufahamu atauliza huyo Konsolata ni nani. Ni mkimbizi wa Kinyarwanda aliyekaa katika nyumba hii miezi minane hivi, akampikia bibi yangu, akamwosha miguu, akamkata kucha. Na siku tuliyomzika Bibi akafukuzwa kama mbwa, kwa sababu ndugu zangu walisema amemwua kwa chakula. Hakuitwa polisi wala hakikukaa kikao. Neno lilisemwa, likashika, likawa ndiyo habari yenyewe. Mimi sikuliamini hata siku moja, na tangu hapo nimewawekea ndugu zangu kinyongo, maana mimi ni mtu wa kinyongo, wanafunzi wangu wote wanalijua hilo. Mjomba wangu Leonidas amekufa hatujawahi kusalimiana vizuri kwa ajili ya mwanamke yule. Sasa mwaka jana nimekuja kujua jambo moja kuhusu chakula kile, na nilipoiweka simu chini moyo ulinidunda kwa furaha, kwani niliamini nina zawadi ya kumpa.

Mwaka wenyewe ni ule wa tisini na nne, na huku kwetu ukisema "mwaka ule" hakuna wa rika langu atakayekuuliza mwaka upi. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi ya kijiji, sijaolewa, naishi kwa Bibi mzaa mama. Mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua bado zinanyesha, tuliamka tukaona barabara ya Rusumo imepotea. Kutoka uani kwetu barabara hiyo huonekana vizuri sana, lakini asubuhi ile palikuwa na watu tupu: magodoro vichwani, mbuzi, baiskeli zilizobebeshwa wazee, watoto wamefungwa mgongoni kwa mashuka. Na juu ya wingi wote ule palikuwa na ukimya. Hicho ndicho kilichonitisha, na ndicho kinachonirudia mpaka leo nikisimama pale pale uani, kwamba watu wengi namna ile wanaweza kupita bila kelele. Bibi alitoka na rozari mkononi, akatazama muda mrefu, akasema, "Hawa wameacha kitu nyuma yao, wanaogopa kukiamsha." Baada ya wiki chache bonde lililo chini yetu lilikuwa la bluu kwa maturubai, na moshi wake ulikuwa ukipanda hadi kwetu na kuingia kwenye nguo, kwenye maziwa, kwenye madaftari ya wanafunzi. Mto Kagera tuliacha kuutazama. Waliokwenda kuteka maji walirudi na ndoo tupu, hawakusema walichokiona kikielea, na kijijini kwetu mwaka ule hakuna aliyekula samaki. Wachuuzi walioleta samaki kutoka ziwani, mbali na kwetu lakini ndiko mto huo unakoishia, walirudi nao hivyo hivyo mpaka wakakoma kuja.

Bibi aliitwa Anastazia. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mdomo, na tangu masika yale alikuwa akilalamikia kichwa: kinamgonga nyuma, anasema, kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Kwa kuwa kule kambini palikuwa na hospitali ya mahema iliyotibu hata sisi wenyeji, nilimpeleka. Wakamfunga ule mkanda mkononi, wakapima, wakapima tena, na nesi wa kigeni akamweleza kupitia mkalimani kwamba presha imepanda sana. Nakumbuka alivyoeleza, kwa sababu baadaye nimeeleza hivyo hivyo darasani: chumvi ikizidi mwilini huvuta maji na kuyashika, maji yakizidi, damu inajaa kwenye mishipa, damu ikijaa, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu, na mshipa unaosukumwa hivyo kila siku mwisho wake hupasuka. "Ukipasuka kichwani," akasema, "utapooza au utakufa. Acha chumvi." Akapewa na vidonge. Vidonge Bibi alivimeza siku ambazo kichwa kilimuuma tu, kama wengi wanavyofanya hata leo, lakini lile la chumvi alilichukua kama amri ya kanisa. Mwanamke aliyefunga Kwaresima zote za maisha yake hashindwi na chumvi.

Sasa kwetu chakula kisicho na chumvi humpi mgeni. Kumpa ni kumwambia anyanyuke aende zake. Na nyumba ya Bibi haikukosa wageni, wala hakuona sababu ya kuchoma kuni kwa sufuria mbili, yake na ya wengine. Basi akatunga utaratibu. Chungu kilipikwa bila chumvi hata chembe, na chakula kilipoandaliwa alikata kipande cha jani la mgomba, akaweka chumvi juu yake, akakiweka katikati ya mkeka. Kila mmoja alichota kwa ncha za vidole na kujinyunyizia kwenye sahani yake. Mikono yote ilikwenda kwenye jani isipokuwa wa Bibi. Alilifanya jambo hilo kwa majivuno kabisa. Alikuwa akitutazama tunavyochota, anacheka, anasema, "Rambeni, mbuzi wangu, rambeni," nasi tunacheka naye. Jirani zetu wote walikula kwenye mkeka ule wakati mmoja au mwingine, na wote waliona kwa macho yao kwamba mama Anastazia hagusi chumvi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo lililokuja kumfunga Konsolata.

Konsolata alipanda kilima mwezi wa sita, na maharage ya msaada kwenye kitambaa, akitaka kubadilishana na ndizi. Wengi walikuja hivyo. Walikuwa wamechoka kula mahindi na maharage kila siku, nasi ndizi tulikuwa nazo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, na alikuwa hakai mahali ambapo mgongo wake hauegemei ukuta. Lugha yao na yetu zinakaribiana, hivyo Bibi akamwuliza kwa Kihangaza, "Uko na nani huko chini?" Akajibu, "Nipo." Bibi akauliza tena, kwa upole, kama ana mume, watoto, ndugu. "Nipo, mukecuru," akarudia, akimwita bibi kizee kwa heshima ya kwao. Bibi akaingia ndani, akatoka na mkungu mzima wa ndizi, na maharage akakataa kuyapokea. Kesho yake Konsolata akarudi akalima shamba la Bibi bila kuombwa. Keshokutwa tena. Baada ya muda ikawa harudi bondeni. Bibi alimpa chumba, akakataa, akachagua kulala jikoni, kwani jikoni palikuwa na mlango mmoja tu na aliweza kuutazama. Mfuniko wa sufuria ukianguka, kabla haujatulia yeye tayari yuko nje, anahema. Mjomba Leonidas, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja kuuliza huyu ni wa upande gani na amefanya nini huko alikotoka. Bibi akamkatiza: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe hujui hata hilo?" Na kweli kwa miezi michache ilionekana mwenyeji amepona.

Lakini kuni zilikwisha. Nani angeamini, katika nchi ya milima yenye misitu, kwamba kuni zinaweza kwisha? Watu wa bondeni walipanda na mapanga kila alfajiri, na nani wa kuwalaumu, nao wana sufuria zao. Kilima cha mbele kikawa na kipara, halafu cha kushoto, halafu tukaamka tukakuta hata visiki vimeng'olewa. Wanawake wa kijiji walianza kutoka asubuhi na kurudi alasiri na mzigo ambao zamani mtoto angeubeba. Tulipikia magunzi, mabua, vigogo vikavu vya migomba vinavyotoa moshi bila moto. Na maharage yenyewe, yetu yalikuwa yamekwisha, yakabaki yale ya msaada, yaliyokaa maghalani huko ughaibuni sijui miaka mingapi, magumu kama kokoto. Siku moja nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, jikoni wanaongea, na ukuta wa nyumba ile haufichi kitu. Konsolata alisema, "Mukecuru, haya yanachemka tangu asubuhi na bado yanagonga sufuria. Magunzi yanakwisha."

"Weka magadi," Bibi akasema.

"Na daktari?"

"Daktari kakataza chumvi. Magadi ni ya kulainishia. Wewe umeona wapi mtu anachovya kiazi kwenye magadi?"

Konsolata akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko kifupi cha puani, kama cha mtu aliyesahau kwamba hatakiwi. Nami kule chumbani nikatabasamu juu ya madaftari yangu. Nikikaa kwenye chumba kile sasa, na ukuta ni ule ule, nakisikia kicheko hicho kuliko ninavyosikia kilio cha msiba. Hakuna aliyeona ajabu. Kila nyumba ilipikia magadi mwaka ule; yalikuja sokoni mabonge mabonge ya kijivu, na mwanamke aliyekosa kuni alijua bonge dogo litamwokolea nusu ya moto. Na yalifanya kitu kingine ambacho hatukukitafakari. Maharage yasiyo na chumvi Bibi alikuwa akiyala kama dawa, vijiko viwili vitatu, basi, mpaka mifupa ya mabega ilianza kuonekana. Yalipotiwa magadi yakawa laini, mazito, yana ladha. Akaanza kumaliza sahani. Akaanza kuomba aongezewe. Konsolata alikuwa akimtazama anavyokula kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake wakati mwingine wowote.

Mvua za vuli zilipoanza, miguu ya Bibi ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kichwa kikarudi, safari hii na macho yanaona nyota, na asubuhi moja pua ilitoka damu ikalowesha kanga yake yote ya kanisani. Tukashuka tena kwenye mahema, Bibi, mimi, Konsolata aliyembeba mgongoni sehemu za mteremko, na Mjomba Leonidas aliyekuja kwa sababu ni mama yake. Nesi akapima, uso ukambadilika. Akauliza kama anakula chumvi. Bibi akaapa kwa Bikira Maria. Nikaapa pamoja naye, tena kwa sauti. Mjomba naye akasema kweli, sote tunashuhudia. Nesi akatikisa kichwa, haelewi, kisha akauliza, "Nani anampikia?" Lilikuwa swali la kawaida, la mtu anayetaka kuongea na mpishi amwelekeze. Laiti angepata nafasi ya kuendelea nalo. Lakini hema lilijaa watu, akaitwa upande wa pili kwa mtoto aliyezidiwa, na swali likabaki hewani, na Mjomba akageuka polepole kumtazama Konsolata. Nililiona jambo likiingia machoni mwake. Lilikaa humo mpaka kufa kwake.

Huku kwetu anayekupa pombe huionja kwanza mbele yako, nawe unakunywa ukiwa umetulia. Chakula hakionjwi hivyo. Chakula cha nyumbani ni cha kuaminiana. Mjomba akaileta sheria ya pombe kwenye chakula. Kila chungu kabla hakijapakuliwa, Konsolata aonje mbele ya watu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, hata hakushusha sauti. Bibi alifoka, akamwita mtoto asiye na shukrani, akatishia kususa kula, lakini Konsolata mwenyewe alisema hapana, mukecuru, acha nionje. Akawa anasimama mlangoni mwa jiko, anachota kijiko kimoja, anameza, anafungua mdomo aonekane amemeza. Ningali naiona shingo yake inavyoshuka na kupanda. Hakudhurika kwa lolote, bila shaka. Alikuwa kijana, mwenye damu nzuri. Mjomba akasema sumu ya hao ni ya polepole, na mwenyewe ana kinga yake. Mtu akishakuhukumu moyoni, hata ushahidi wa kukutetea anaugeuza kamba.

Bibi alianguka mwezi wa pili, mchana, jua kali. Alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba anachambua maharage kwenye ungo, anamtania Konsolata kuhusu mgane mmoja wa kijijini aliyekuwa akimtazama sana kanisani. Akasema, "Konso, mkono wangu umelala," kwa sauti ya mshangao tu, na ungo ukamwagika. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Hakusema tena. Aliishi siku chache, amelazwa chumbani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kilichobaki hai kwake kilikuwa macho. Macho yale yalimfuata Konsolata. Akiingia yanamtazama, akitoka yanabaki mlangoni. Ndugu zangu walisema, mnaona, anatuonyesha aliyemfanyia. Mimi nilisema anamwita. Sote tulikuwa tunatazama macho yale yale.

Alipokata roho, hoja yao ilikuwa nyepesi. Presha huletwa na chumvi, hospitali imesema. Chumvi hakula, kijiji kizima kimeshuhudia. Basi kilichomwua si presha. Wanawake waliokuwa wakichota kwenye lile jani walithibitisha mmoja mmoja, na walisema kweli tupu. Konsolata hakuruhusiwa kugusa sufuria ya msiba wala kusogea kaburini. Tulipokuwa tukizika alisimama barabarani, mbali, mikono juu ya kichwa, na Mjomba alipomaliza kutupa udongo alikwenda jikoni, akakitoa kifurushi chake, akakirusha njiani. Nilipiga kelele, nikamtukana mjomba wangu mbele ya padri, jambo ambalo liliongelewa kwa miaka. Konsolata aliokota kifurushi, akakipangusa vumbi, akashuka bondeni. Nilimtafuta kambini wiki nzima, kati ya maelfu na maelfu ya maturubai, sikumwona. Mwisho wa mwaka wa tisini na sita kambi zilifungwa, barabara ikajaa tena watu, safari hii wakielekea mtoni, na bonde likabaki jekundu na tupu.

Mwaka jana nami nilipimwa, nikaambiwa presha imepanda. Sikushangaa; ni ya ukoo. Nesi wa hapa Ngara, binti mchangamfu, aliniuliza ninavyokula, nikamjibu kwa kiburi kwamba chumvi nimeipunguza zamani. "Na magadi?" akauliza. Nikamwambia magadi si chumvi. Akacheka. "Mwalimu, ulimi ndio unaoona tofauti. Ile inayoshika maji kwenye chumvi imo humo humo kwenye magadi, imo kwenye vidonge vya kuungia mchuzi, imo kwenye vya kopo. Wazee ndio miili yao inaishika zaidi. Ukiacha chumvi ukabaki na magadi, umefunga mlango ukaacha dirisha." Nikamsimulia habari za Bibi. Nikamwuliza kama inaweza kuua. Akasema hakuna anayeweza kusema ni kitu kimoja kilichoua. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na presha ya siku nyingi, na vidonge vya kumeza leo na kuacha kesho navyo ni hatari. Lakini kwa mtu wa hali ile, kula magadi kila siku, ndiyo, yanaweza kumsukuma. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi ukutani, kwenye picha yake, kwamba sasa najua. Hakukuwa na sumu. Hakukuwa na mchawi. Niliona nimepata jibu la kumrushia Mjomba hata kaburini.

Konsolata alifika Jumamosi kabla ya mchana, nywele nyeupe, mgongo umeinama kidogo, mfuko wa unga wa mtama mkononi kama zawadi. "Shikamoo, dada," nikasema, tukashikana tukalia uani kama watoto. Aliwatazama wajukuu wa jirani waliokuwa wakicheza, akatazama milima iliyojaa miti tena, mikalitusi na misonobari ya watu, akasema hakutegemea kuiona hivyo. Hakutaka kuingia chumbani alikofia Bibi. Tulikaa sebuleni, nikamwandalia wali na maharage, akala taratibu, akanisimulia kwamba aliolewa aliporudi, mume amekufa, anaishi na binti yake na wajukuu. Nikaona huu ndio wakati. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama somo: mkanda wa kupimia, nesi, maji, mishipa, magadi. Nilikuwa natabasamu. "Kwa hiyo hakulishwa sumu," nikamalizia. "Hakuna aliyemfanyia ubaya. Yalikuwa magadi tu."

Aliweka kijiko chini. "Kwamba hapakuwa na sumu mimi nilijua, Mwalimu. Mpishi nilikuwa mimi."

Akaendelea, hakunitazama, alikuwa akitazama sahani. "Mwaka ule niliona mambo. Mengine niliyafanya, ili nipite pale walipokuwa wanazuia watu njiani. Sitakuambia. Hata padri namwambia nusu. Lakini kila nilipojiona mchafu nilijiambia, kuna nyumba moja ng'ambo ya mto, nilimlisha mtu humo kwa moyo wangu wote, na walinifukuza bure. Bure. Ndilo neno nililoishi nalo. Sasa unaniambia yule mzee, mjomba wako, hakunionea."

"Alikuonea!" nilisema kwa nguvu. "Alikuonea, dada. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuambia uyaweke. Nilisikia kwa masikio yangu, nilikuwa chumba kile pale."

"Aliniambia kidogo," akasema Konsolata. "Kama punje ya hindi. Nikaweka kama punje ya hindi, nikaona amekula. Kesho yake nikaongeza, akala zaidi. Basi nikawa naongeza. Yeye hakujua, nilikuwa namficha. Alikuwa amekonda sana, Mwalimu, na mimi sikuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kumlisha."

Nilitaka kumwambia yale ya nesi, kwamba hakuna anayeweza kusema ni kitu kimoja, lakini maneno yalikuwa mepesi mno, yakanishinda kuyatoa. Aliinuka ghafla, akapapasa kwenye pindo la kitenge chake, akatoa simu. Iliita muda mrefu. Binti yake alipopokea, Konsolata alimwuliza kwa lugha yao nini kiko motoni. Kinyarwanda nakisikia vizuri. Maharage, mama, yule akajibu, ya kesho pia, baada ya misa. "Umeyatia magadi?" Ndiyo, mama, kama kawaida. "Mwaga," akasema. Yule akauliza kwa nini, kuna nini, watoto wale nini, kuni zimetumika nyingi. "Mwaga yote," Konsolata akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda hata majirani huko nje wakageuka. "Usizime simu. Mwaga nisikie."

Alisimama katikati ya sebule ya Bibi, simu sikioni, macho yamefumbwa, akisikiliza mpaka salio likaisha.